Bahasha Iliyonusurika Ajalini

Ndugu zangu, na nyie akina mama wa benchi la nyuma, nitegeeni sikio kidogo, kisha mtaendelea na yenu.

Palikuwa na bwana mmoja, karani mstaafu, katika mji mmoja wa bara. Ugonjwa wake bwana huyu ulikuwa bahasha. Si barua, maana yaliyoandikwa ndani hakuwa na habari nayo. Bahasha zilizosafiri kwa ndege miaka ile, zenye mistari myekundu na ya buluu pembeni, na zile karatasi nyepesi za samawati ulizokuwa unaandika kisha unazikunja, zenyewe zinakuwa bahasha. Naona mnacheka. Haya, chekeni, lakini kila mmoja humu ana chake anachokipenda mpaka utadhani amerogwa. Mwingine ni kiwanja, mwingine ni uongozi wa kwaya.

Katika zote, kipenzi chake kilikuwa bahasha moja iliyoungua pembe. Stempu imebanduka nusu, na juu yake posta walikuwa wamegonga mhuri kwamba imeokolewa kwenye ndege iliyoanguka. Wewe ungewashia jiko. Yeye aliiona ni almasi. Kosa lake ni kwamba hakuweza kukaa nayo kimya. Wakusanyaji hawa, ukiwa na kitu ambacho mwenzako hana, utaachaje kumtambia? Akaibeba mpaka kwenye maonyesho yao, akaitandaza mezani, watu wakaipiga picha.

Haukupita muda, jirani akamwambia, "Mzee, kuna mama anakuulizia mjini. Anamtafuta mwenye ile bahasha iliyoungua. Anasema jina lililoandikwa pale ni la ukoo wao."

Moyo ukampiga paa. Na bahasha hakuiba, aliinunua kihalali kwa muuza vitu vya mitumba. Lakini hofu inajali nani kakuuzia? Akaitoa kwenye albamu, akaificha kwenye debe la unga. Akaogopa wadudu, akaipandisha darini. Akaogopa panya, akaiteremsha, akaisukuma chini ya godoro. Mbwa akibweka, jasho linamtoka. Chakula hakipiti.

Mkewe akamuuliza, "Baba watoto, umeua mtu?"

"Niache."

"Si umwonyeshe tu huyo mama, aione, aende zake?"

"Akiishika hataiachia. Unawajua watu wewe?"

Mama akaja, Jumamosi mchana. Mtu mzima, kitenge cha heshima, mkoba ameukumbatia kifuani. Akakaribishwa, akakaa, wakajuliana hali. Kisha akasema, "Mzee wangu, nimeambiwa unayo bahasha yenye mwandiko wa baba yangu."

Yule bwana akautupia jicho mlango wa chumbani. Chumba cha pili tu hapo, chini ya godoro. Akasema, "Nilikuwa nayo, mama. Iliungua. Ulitokea moto jikoni juzijuzi, ikateketea yote."

Mkewe alikuwa anamimina chai. Akainamisha macho, kwa sababu mume hafedheheshwi mbele ya mgeni.

Yule mama hakulia. Alifungua mkoba, akatoa mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na bahasha mbili. Mhuri ni ule ule. Pembe zimeungua vile vile.

"Baba alikuwa anasoma ng'ambo," akasema. "Aliandika barua tatu siku moja. Ya mama, ya bibi, na ya baba mdogo. Zote zilikuwa kwenye ndege ile. Zilipotufikia, yeye alishafariki huko huko. Baba mdogo alipokufa vitu vyake viliuzwa, na ya kwake ikaenda. Mimi sina mtoto, na nyumba yangu inavuja. Nilipoiona picha ya maonyesho nikasema, Mungu amenionyesha mtu anayejua kutunza. Nilitaka nizione zote tatu pamoja, mara moja tu, halafu nikuachie na hizi."

Akazirudisha mkobani taratibu. "Lakini kama hata kwako zinaungua, basi nitazikwa nazo."

Ndugu zangu, mtazameni yule bwana. Alichokitamani maisha yake yote kimeletwa sebuleni kwake, na kinachotakiwa ni maneno mawili tu, "Nimekudanganya, mama." Alisema? Alifungua mdomo. Hofu ya kwanza ilikuwa ya kunyang'anywa. Sasa ikamjia hofu ya kuaibika, nayo ikawa kubwa kuliko ile ya kwanza. Akasema, "Karibu chai."

Mama akashukuru, akaaga. Na kwa kuwa mgeni ni lazima asindikizwe, yule bwana akamsindikiza mpaka kituo cha basi, mkoba amemshikia yeye. Gari lilipokuja, akamkabidhi.

Wapendwa, mnamsikitikia? Jisikitikieni. Mungu akitujia, sisi tunaona amekuja kuchukua tu. Akigusa muda wetu, tunasema hatuna. Akigusa kile tunachokipenda kuliko vyote, tunamwambia kwa heshima kabisa kwamba kimeungua. Na nani kakwambia alikuja mikono mitupu? Ulimuuliza amebeba nini?

Mimi uongo wa sebuleni haunitishi sana. Mtu akibanwa na hofu husema lolote. Kinachonitisha ni ile njia ya kwenda kituoni. Njia nzima alikuwa na nafasi ya kusema. Aliongelea mvua, aliongelea bei ya mahindi, na mkoba uko mkononi mwake.

Wewe unayenitazama hivyo, bado uko njiani na mgeni wako. Basi halijafika. Sema.