Jicho la Mfukoni

"Jicho la mfukoni huamkia kwanza."

Mmeisikia leo, Bi Namsifu alipomwambia yule mposaji aliyeingia nyumbani kwake akichezea funguo za gari kabla hajasalimia mtu. Mlicheka, niliwaona. Mmoja wenu alidhani inahusu wezi wa mifukoni. Haya, sogezeni viti, chai bado haijachemka. Methali hii si ya kale kama mnavyodhani, wala haikutoka kwa sungura na fisi. Ilitoka kwenye kamera, na wa kwanza kuitamka alikuwa mzee Senzighe, wa hapa hapa Same.

Wakati huo simu za mkononi zilikuwa za kupigia na kumulikia tu. Mzee Senzighe aliishi na bintiye Nakundwa, fundi cherehani, katika nyumba iliyo nyuma ya soko. Alikuwa amezaliwa juu milimani wanakolima tangawizi, lakini kiharusi kilimwacha na miguu isiyomtii, na daktari akamkataza milima kwa sababu ya moyo. Huko juu alikuwa amebakiwa na ndugu mmoja, dada yake mdogo, Nambua. Nambua naye hakuwa mtu wa kushuka. Aliwahi kushuka mara moja, joto la tambarare likamwangusha mbele za watu, akaapa kwamba jua hatalifuata tena nyumbani kwake. Basi kaka na dada wakawa wanapelekeana salamu kwa vinywa vya watu. Tangawizi ikashuka, mchele ukapanda, na miaka ikapita.

Kisha macho ya mzee yakaanza kuingia giza. Hospitalini walisema ni presha ya macho, na kwamba dawa ingeichelewesha tu. Mwanga uliokwisha potea haurudi. Walipofika nyumbani mzee alikaa kitandani akamwita binti yake.

"Mwanangu, giza silo ninaloliogopa. Ila sitaki kuingia humo kabla sijauona uso wa Nambua. Ninaoukumbuka ni wa zamani, na najua si huo tena."

Nakundwa aligeukia cherehani akajifanya anatafuta uzi. Baba yake hakuwa mtu wa kuomba. Hata uji ukichelewa, alikuwa akisema hana njaa. Ombi hili lilimkaa binti kifuani, asijue alitoe wapi jibu.

Kaka yake, Elinihaki, alikuwa mpiga picha za harusi mjini Moshi, na msimu wa harusi ulikuwa umepamba moto. Hakuweza kuja, lakini alituma kamera yake: jidude jeusi, zito, lenye lenzi ndefu kama mchi. "Picha ya baba si ya kubahatisha," alisema kwenye simu. "Chukua kitu cha maana. Hicho hata nzi akiwa juu ya paa la jirani, utamhesabu miguu."

Nakundwa akapanda. Gari lilimwacha mwisho wa barabara, akaanza kutembea kwa miguu kwenye kijia chembamba chenye utelezi. Alilitundika lile jidude shingoni, lakini kila alipoinama kupanda liliyumba na kugonga mawe. Mwishowe akalishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba sufuria ya uji wa moto, na alipoteleza hakuwa na mkono wa kujishikia. Alianguka, akainuka, akaifuta kamera kabla ya kulifuta goti lake.

Kwenye kona moja alikutana na mama mtu mzima mwenye kikapu cha tangawizi kichwani. Mama yule alisimama. Akakishusha kikapu chake majanini, akafuta viganja kwenye kanga, akangoja. Nakundwa aliyaona yote hayo. Lakini chini palikuwa tope, na kamera ilikuwa ya watu, hivyo akainamisha kichwa tu akatabasamu.

"Shikamoo, mama."

Mama yule alilitazama lile jidude, kisha akavuta kanga yake hadi usoni. "Marahaba," akasema upande upande, akajitwika kikapu, akapita. Nakundwa akajisemea kwamba watu wa huku wakali, akaendelea na safari.

Alipofika kwa shangazi yake alikuta mlango umefungwa. Jirani aliyekuwa akianika maharage akamwambia, "Nambua kaenda gulioni, na akienda huwa analala huko kwa mwanawe. Kateremka kwa njia hiyo hiyo uliyopandia. Hamkukutana? Mama mwenye kikapu cha tangawizi."

Nakundwa aliketi kwenye kizingiti cha shangazi yake. Mara ya mwisho kumwona alikuwa mtoto wa kubebwa; angemjuaje? Lakini hilo halikumtuliza. Gari la kurudi lilikuwa moja tu kwa siku, kwa hiyo akashuka na kamera yake isiyo na picha hata moja.

Mzee Senzighe aliposimuliwa habari ile alicheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza:

"Ulipomwamkia, ulishika nini?"

"Kamera, baba."

"Basi hukumwamkia."

"Baba, nilimpa shikamoo!"

"Ulimpa neno. Kule kwetu njia ni nyembamba, mwanangu. Wawili wakikutana, kila mtu hushusha alichobeba, hata kama ni kuni, na hunyoosha mikono yote miwili, mitupu. Mkono ulioshika kitu haujaamkia. Nambua alikushushia kikapu, nawe ukabaki umekumbatia mzigo wako. Kosa ni langu. Nilikulea huku kwenye barabara pana, sikukufundisha."

Aliyasema bila ukali, na ndiyo maana yalimchoma zaidi. Zaidi ya hapo, Nakundwa aliona kwamba siku hizi baba yake akitaka kikombe anakipapasa.

Alimrudishia Elinihaki kamera yake Moshi, akamwambia anataka kununua nyingine, ndogo, ya kwake. Elinihaki akachukia. Hata hivyo alimsindikiza dukani, ili, kama alivyosema, asije akauziwa mdoli.

Muuza duka alianza kwa kuwasifia kubwa, kama ilivyo kazi yake. Nakundwa akamkatisha kwa upole. "Kaka, mimi natembea milimani. Nataka inayoingia kwenye mfuko wa koti hili na kukaa."

Akawekewa kamera ndogo tatu juu ya kioo. Akaichukua ya kwanza, akaitia mfukoni, akarudi nyuma hatua chache, akapiga goti, akanyoosha mikono yote miwili. "Shikamoo!" akamwambia muuza duka.

"Mara... marahaba," kijana akajibu, akimtazama Elinihaki kana kwamba anauliza kama dada huyu ni mzima.

Kamera ya kwanza ilichomoka mfukoni ikadakwa juu juu. Ya pili ilitulia, ila lenzi yake ilikuwa na nundu iliyonasa kwenye bitana, na ilipotolewa ilitoka na mfuko wote nje. Wateja wengine walikuwa wamekwisha acha shughuli zao. Elinihaki aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa makubazi.

Ya tatu ilikuwa bapa, ya ukubwa wa kipande cha sabuni. Nakundwa alipiga goti, akaamkia, akainuka, akaamkia tena kwa upande wa pili. Haikusogea. Aliitoa kwa mkono mmoja, akabonyeza, ikawaka kabla muuza duka hajamaliza kupepesa macho. Ilitumia betri za kawaida, zile za redio ndogo, zinazouzwa hata kwenye vibanda vya kule juu kusiko na umeme.

"Hii," akasema.

"Dada," Elinihaki akanong'ona, "hii haioni mbali. Lenzi yake ni tundu la kifungo!"

"Sitaki kumwona shangazi kwa mbali, kaka. Kwa mbali nilikwisha mwona."



Safari ya pili alipanda na mchele mgongoni na kamera mfukoni. Kwa kila aliyekutana naye alisimama, akashusha mchele, akanyoosha mikono. Safari ikawa ndefu, lakini njia nzima ikamjua ni binti wa nani. Alipofika, mama yule yule alikuwa uani akikwangua tangawizi. Nakundwa alitua mzigo, akapiga goti, akatoa mikono yote miwili.

"Shikamoo, shangazi."

Nambua aliweka kisu chini, akafuta viganja, akaipokea mikono ile akaishikilia. Wakaulizana habari za nyumbani, za mvua, za mbuzi, za wagonjwa, kwa utaratibu wake, bila kuruka. Ndipo akauliza, "Wa nani wewe?"

"Wa Senzighe."

Mikono ilibanwa zaidi. Nambua alimkagua paji la uso, akashuka hadi kidevuni. Kisha ghafla akakunja uso. "Ngoja! Si wewe uliyepita na lidude kifuani?"

"Ni mimi, shangazi. Nisamehe."

"Nami nikadhani ni wale wanaokuja kutupimia mipaka ya mashamba! Nikasema, mtoto mzuri hivi, maskini, hana mikono!" Wakacheka, na wakiwa katika kucheka wakajikuta wanalia.

Machozi yalipokauka ndipo Nakundwa alipoitoa kamera mfukoni.

"Na hicho ni nini?"

"Ni jicho, shangazi. Ni la baba. Yake yanazima, na ameomba akuone kabla hayajazima yote."

Nambua aliitazama ile kamera kiganjani mwa binti wa kaka yake. Hakuvuta kanga usoni. Aliinuka, akanawa mikono yenye udongo wa tangawizi, akarudi akasimama sawasawa mbele yake. Akapiga goti, kwa shida, maana magoti yalikuwa ya kizee, akanyoosha mikono yote miwili kuelekea kwenye ile lenzi ya tundu la kifungo.

"Shikamoo, kaka," akasema.

Nakundwa akabonyeza.

Jioni ile, nyumbani Same, alimwekea baba yake kamera mbele ya jicho la kulia, lile lililokuwa bado na mwanga kidogo. Akaikuza picha taratibu kwenye kioo chake. Mzee aliuona kwanza mkono, kisha mkono wa pili, mitupu, viganja juu. Halafu akauona uso. Alikaa nao muda mrefu. Elinihaki, aliyekuwa amekuja kuona ile sabuni imefanya nini, alichungulia kioo begani mwa dada yake.

Mzee Senzighe akaiegemeza fimbo yake ukutani. Akanyoosha mikono yake, ule mzima na ule uliolegezwa na kiharusi, akaushikiza mmoja kwa mwingine ili isianguke, akaielekeza kwenye picha.

"Marahaba, Nambua," akasema. "Marahaba, mdogo wangu. Umezeeka vizuri."

Baadaye ndipo alipomgeukia mwanawe. "Jicho lako wewe, Elinihaki, lilitaka kuona kabla ya kuamkia, ndiyo maana likaonyeshwa kanga. Hili lilikaa kimya mpaka salamu zikaisha, likafunuliwa uso. Jicho la mfukoni huamkia kwanza."

Giza lilimfunika kabisa kabla ya mavuno yaliyofuata, kama walivyosema hospitalini. Lakini watu waliomtembelea wanasimulia kwamba akisikia hatua mlangoni aliiegemeza fimbo, akanyoosha mikono miwili mbele yake, akangoja, na aliyeingia na kitu mkononi alilazimika kukiweka chini. Naye Bi Namsifu, mnayemwona na methali zake, ni binti wa Nakundwa. Hakumfukuza yule kijana leo. Alimrudisha mlangoni aanze upya, na mlimwona wenyewe alivyozitia funguo mfukoni.

Jicho la mfukoni huamkia kwanza.