Mwanazidi Aliyeibeba Shimbweni Mgongoni

Watu wa Shimbweni, tulizeni watoto, wekeni michi chini, na aliye ndani asogee mlangoni asikie. Zama zile za mababu, kabla ya ukuta wa mji kujengwa, pwani hii ilikaliwa na koo zilizokimbia vita vya kaskazini, kila ukoo na kiambo chake, kila ukoo na ugomvi wake, wala hapakuwa na mtu aliyesema "sisi" akakusudia zaidi ya watu wa nyumba yake. Katika zama hizo alizaliwa Mwanazidi binti Kombo, wa uzao wa wachimba visima, Mpasua Mwamba, Mwanamke wa Mabega Mapana, ambaye mtaimbo wa chuma uliowatoa jasho wanaume wawili yeye aliuzungusha kwa mkono mmoja kama mwiko.

Basi akaja Dauri, mtawala wa visiwa vya mbele, na majahazi yaliyojaa watu wa panga, kwa kuwa visiwa vyake vilikuwa havina maji matamu. Lakini maji peke yake hayakumtosha. Pwani nzima ilikubali kwamba kisima ni cha aliyekichimba, kwa hiyo Dauri alitaka na habari za kisima ziwe zake. Akawakusanya wazee waliojua historia ya mahali hapa, akawapigisha magoti mbele ya Kisima Kikuu.

"Kisima hiki alikichimba babu yangu," akatamka. "Semeni hivyo mbele ya watu, mtaishi."

Wa kwanza kujibu alikuwa mzee Kombo, baba yake Mwanazidi. "Babu yako alikuja hapa kuomba maji, na tulimpa."

Upanga ukamkata shingo kabla hajafunga mdomo. Wazee wengine nao wakakataa, nao wakachinjwa mmoja baada ya mwingine, damu ikatiririka hadi kwenye ndoo.

Mwanazidi alikuwa ndani ya kisima kingine, akivunja mwamba, asisikie kitu. Alipopanda juu alikikuta kichwa cha baba yake kimewekwa ukingoni, macho wazi. Alikiosha kwa maji, akakifunika kwa mtandio wake.

Aliyebaki akijua habari zote za mji alikuwa bibi yake, Bi Kae, ajuza mwepesi kama tita la kuni kavu, aliyefichwa ndani ya ghala la nazi. Mwanazidi alimwendea ili amtoroshe.

"Nifunge mgongoni, mjukuu wangu," akasema Bi Kae. "Wewe piga, mimi nitasema."

"Watakuua, bibi."

"Wataniua hata nikikaa humu. Waache wanisikie kwanza."

Mwanazidi akambeba kwa kaniki, akakaza fundo kifuani, akautwaa mtaimbo, akatoka kuelekea Kisima Kikuu jua likiwa utosini.

Mlinzi wa kwanza wa Dauri alipasuliwa fuvu. Wa pili alivunjwa mbavu zikatokeza nje ya ngozi. Na juu ya kilio cha chuma na mifupa, sauti ya Bi Kae ilipanda: "Kisima hiki alikianza Mbwarahaji mwaka wa njaa! Mkewe Mize alizoa kifusi akiwa na mimba!" Nyuma ya milango iliyokomewa, watu waliokuwa wakisema vita hivyo si vyao waliyasikia majina ya mababu zao. "Na jiwe la mdomo wa kisima liliburutwa na watu wa—"

Mkuki ukamwingia ajuza ubavuni. Mwanazidi aliihisi damu ya moto ikimshuka kiunoni, na mzigo ukamlegea mgongoni. Akataka kuendeleza maneno yale, asiyajue, kwa kuwa utotoni wenzake walipokalishwa kusimuliwa yeye alikimbilia mieleka. Akapaza sauti ya uchungu: "Nani waliliburuta jiwe? Nani anajua?"

Komeo likaanguka. Mwanamke mmoja akatoka na mchi mkononi. "Ni sisi, watu wa Mitondooni! Babu yangu alivunjika mguu chini yake!" Akampiga askari wa karibu akaanguka kifudifudi. Mlango wa pili ukafunguka, na wa tatu, kila nyumba ikitoka na silaha yake na habari yake, wakipiga na kusema, hadi mchanga ukawa tope jekundu.

Mwanazidi, tumbo limechanwa kwa upanga, akambana Dauri kwenye kisima. "Nani alikichimba?"

"Ninyi," akasema Dauri akilia. "Mlikichimba ninyi."

"Umesema kweli. Umechelewa." Akaushusha mtaimbo.

Kisha akaketi, asikubali kumfungua bibi yake. Akatamka: "Msimpe mtu mmoja habari zote za mji, maana mtu mmoja hukatwa kichwa. Kila nyumba ishike yake, na isimnyime anayeuliza." Akafa pale pale. Fundo la kaniki lilikuwa limeganda kwa damu, halikufunguka, nao wakazikwa pamoja katika kaburi moja pana.

Tangu siku hiyo koo zile zikaitwa Washimbweni. Na hadi leo mgeni akiomba maji hapa hupewa anywe, kisha hukalishwa barazani. Mwenye nyumba humsimulia sehemu yake hadi mwisho, halafu husimama naye, akamwonyesha mlango wa jirani.