Chumba cha Nyuma cha Fisi

“Vibuyu sita vya kumbikumbi!” Fisi alifoka. “Unilipe, la sivyo nyumba hii ni yangu!”

“Nikulipe mimi?” Muhanga aliruka kwa hasira, masikio yakamsimama. “Wewe mpangaji, mwenye deni langu la kodi, vibuyu viwili?”

Mwaka ule mvua zilikata. Kumbikumbi hawakuruka, na Muhanga, bingwa wa kuchimba mashimo, akaona njaa inamjia. Basi akampangisha Fisi, aliyekuwa na akiba ya kumbikumbi wakavu, shimo lake la pili. Ndiyo kwanza awe mwenye nyumba, vituko vya wapangaji hajavijua.

Hata hajakaa sana, Fisi akaja amejikunyata. “Baba mwenye nyumba, mlango unanibana mabega. Naomba niupanue kidogo.”

Muhanga hakupenda maneno ya kuzungukazunguka. Alimjibu mbele ya jirani yao Sungura: “Panua mlango, kwa nguvu zako. Kingine usiguse bila kuniuliza.”

Fisi akapanua mlango. Kisha, kimyakimya, akachimba na chumba cha nyuma cha kufichia mifupa. Sasa alidai ujira!

Wakapelekana kwa Simba. Mfalme alikuwa akichechemea. Mwenyewe alisema ameumia vitani, ingawa vita hivyo hakuna aliyevisikia.

“Nimemwongezea nyumba thamani, Mtukufu,” alisema Fisi. “Alijua, akanyamaza.”

“Mwongo! Ningejua ningekutoa kwa makucha!”

“Shahidi?” Simba akauliza.

Sungura akajikuna shavu. “Habari ya mlango niliisikia. Ya chumba, sikuisikia. Lakini vibuyu sita, Mtukufu! Si kichumba tu hicho, cha kulala panya?”

“Panya?” Fisi akavimba. “Njoo upime! Kimeupita mchongoma, kikaenda mpaka chini ya jabali analolalia Mtukufu mwenyewe! Hiyo ni kazi ya vibuyu kumi!”

Simba akautazama mguu wake, halafu akamtazama Fisi.

“Kumbe ni wewe! Juzi malazi yangu yalididimia nami nikiwa juu yake!”

“Na vile vita, Mtukufu?” akauliza Sungura.

“Nyamaza!”

Fisi akaamriwa akifukie chumba chote, kisha ahame. Alifukia mpaka ulimi ukamning’inia, na mifupa yake ikazikwa humo humo. Alipojivuta kutoka, alimkuta Muhanga ameuziba mlango kwa mwili wake, hata ule upana aliouongeza Fisi.

“Mdomo uliponza kichwa,” alisema Muhanga. “Haya, vibuyu vyangu viwili. Leta.”