Mpaka wa Diwani Ngulumo

Diwani Ngulumo aliingia ofisini kwa Sikudhani, mchora ramani wa manispaa, tumbo likimtangulia.

"Binti, watu wa Matopeni hawanipigii kura. Watoe katani mwangu, la sivyo kazi huna."

"Mpaka tuupitishe wapi, Mheshimiwa?"

"Mtaroni! Walio ng'ambo, upande wa Matopeni, wote nje!"

"Wote kabisa?"

"Hata mbuzi wao!"

Sikudhani alichora, diwani akagonga muhuri bila kuangalia.

Siku ya kuchukua fomu za uchaguzi, diwani alirudishwa. Mgombea sharti aishi katani.

Alimvamia Sikudhani akitweta. "Nyumba yangu umeipeleka wapi?"

"Haijasogea, Mheshimiwa. Mtaro ndio uliokuwa ukikutenga na Matopeni. Mwaka jana harufu yake ilikukera, ukauhamishia upande wa pili wa nyumba yako, kwa majirani zako. Sasa nawe uko ng'ambo, upande wa Matopeni, wewe na mbuzi."