Sifa za Bwana Shebughe

Paliondokea tajiri wa kiwanda cha sabuni, Bwana Shebughe. Siku moja alimwita Mwasiti, mfungaji wa maboksi mwenye ulimi mwepesi.

"Leo tunarusha video mubashara. Utanisifu kwa moyo, wateja waamini nawapenda wafanyakazi wangu. Ukikataa, kazi huna."

"Nitakusifu, bosi. Ila sifa tupu watu hawaziamini. Niruhusu nitaje wema mmoja mmoja."

"Taja hata kumi!"

Kamera ikawashwa, watu elfu tisa wakitazama. Mwasiti akabubujikwa na machozi. "Bosi wetu ni mzazi! Kuanzia leo anatulisha mchana bure, na wenzetu aliowafukuza walipougua wanarudi kazini kesho. Bosi, ni kweli si kweli?"

Bwana Shebughe akameza mate, akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

"Kweli tupu," akasema.

Saa saba mchana, masufuria ya wali na maharage yakaingia getini.