Nywele za Mize na Chanuo la Wifi Yake

Chanuo la pupa hushiba nywele. Mmeisikia leo mkacheka, maana chanuo halina tumbo, kisha mkauliza ni nani aliyeliona likishiba. Basi kaeni vizuri, na wewe unayetafuna muhogo, utafune kimya. Methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji cha Kisimandugu palikuwa na mjane kijana aitwaye Mize. Mumewe, Makame, alikufa kwa homa wakati wa kupalilia mpunga, na Mize akakaa eda nyumbani kwa wakwe zake, miezi minne na siku kumi. Muda wote huo hakupaka mafuta, hakutia wanja, wala hakugusa chanuo. Nywele zake zilizokuwa zikimfika mabegani zilijikunja ndani ya kanga, zikashikana, zikafungamana, mpaka ukizigusa ungedhani umeshika godoro la sufi lililonyeshewa mvua.

Sasa, watu wa Kisimandugu walikuwa na desturi yao. Haikuwa dini, dini haikuwaambia hayo. Siku ya kutoka eda, wanawake wa upande wa mume walimchana mjane na kumsuka misuko mitatu. Ilipoadhiniwa alasiri, alitoka barazani mbele ya wanawake wenzake. Mwenye misuko mitatu alikuwa huru: alichukua sanduku lake akarudi kwao, na akitaka aliolewa tena. Lakini nywele zikishindikana, alinyolewa, na aliyenyolewa alihesabiwa kuwa bado yumo msibani. Alikaa kwa wakwe mwaka mzima mwingine, akipika na kutwanga, mpaka nywele ziote. Desturi nyingine, wajukuu zangu, huzaliwa na watu wanaopenda kupikiwa.

Mize alitaka kurudi kwao. Mama yake, msokota kamba za usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, ng'ambo ya mto, alikuwa amebaki peke yake, na macho yake yameanza kuingia ukungu. Kila Ijumaa alituma salamu ileile: "Mwambieni mwanangu kamba zangu siku hizi ni fupi, maana sioni mwisho wake." Mize hakuzililia salamu hizo. Alihesabu siku.

Na mama mkwe wake, Bi Mwatime, hakuwa na ugomvi naye. Huyo alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye haki hata kwa kuku. Tabu ilikuwa kwa wifi yake, dada mkubwa wa Makame. Aliitwa Subira. Wazazi wakimpa mtoto jina huwa wanaomba, na si kila ombi hukubaliwa. Subira alipakua wali kabla haujakauka maji, na tangu Mize aolewe pale alikuwa hajashika mchi. Mwaka mwingine wa Mize ndani ya nyumba ile, kwake yeye, ulikuwa mwaka mwingine wa kulala mpaka jua liingie dirishani.

Siku ikafika. Asubuhi Subira akaja na kigoda, chanuo la mti, na kisahani chenye maji na wembe.

"Wembe wa nini, wifi?" Mize akauliza.

"Tahadhari tu. Anayepika huweka maji karibu, nyumba isije ikaungua."

Akamkalisha, akamfungua kanga, akakohoa kwa makusudi kama mtu aliyefungua ghala la zamani. Kisha, nywele zikiwa kavu vilevile, akalichomeka chanuo juu kabisa, kwenye mashina, akavuta kwenda chini. Chanuo likakwama. Akaegemeza goti mgongoni mwa Mize, akavuta tena kama anayeng'oa kisiki. Kraa! Likatoka na kishungi kizima cha nywele, na jino moja la chanuo likabaki kichwani.

Mize alitokwa na machozi ambayo hakuyaita.

"Umeona?" Subira akasema, akikipeperusha kile kishungi. "Hizi si nywele, wifi yangu, hiki ni kiota cha kunguru. Tunyoe tumalize. Leo kuna kazi nyingi."

"Kazi za nani?"

"Zako, bado upo."

Mize akageuka, akalishika chanuo. "Nipe."

"Wanaochana ni sisi, upande wa mume. Ndiyo desturi."

"Umeshachana, na desturi imetimia. Sasa nachana mimi."

Wakashikilia chanuo wote wawili, mmoja huku na mmoja huku. Bi Mwatime alikuwa pembeni akichagua mchele. Akasema bila kuinua uso:

"Mpe. Lakini sikiliza, mwanangu. Ikiadhiniwa alasiri na misuko haijawa mitatu, wembe utafanya kazi yake. Hilo siwezi kulibadili."

"Sikuombi ulibadili, mama," Mize akajibu. "Nakuomba bamia."

"Bamia!" Subira akacheka mpaka akashika ukuta. "Tutie na dagaa basi, tumpakue kabisa!"

Mize akaingia jikoni. Alichemsha bamia, akauchuja ule utelezi wake, akautia tui kidogo, akazilowesha nywele mpaka zikachuruzika maji. Akaketi chini, akazigawa mafungu manane, akayafunga saba kwa vitambaa. Fungu lililobaki akalishika kwa mkono wa kushoto karibu na shina, ili ngozi ya kichwa isivutike. Kwa mkono wa kulia akaanza nchani kabisa, urefu wa kucha tu. Vidole vilitangulia: fundo alilolikuta alilitafutia mwisho wake, akalifumua unywele kwa unywele. Zilipolainika, ndipo chanuo likapita. Kisha akapanda juu kidogo, akaanza tena.

Hakufundishwa hayo na msusi. Kwao usumba ulifungamana kila siku, na mtoto aliyeuvuta kwa nguvu aliambiwa akaketi na kuku, maana hao ndio wenzake wa kuparura.

Fungu la kwanza lilimchukua muda wa chungu cha maharage kuiva. Subira naye alikaa mlangoni kama aliyeajiriwa kuangalia jua.

"Kivuli kimefika kwenye mtungi!" akatangaza. Baadaye kidogo: "Kimevuka kinu! Vuta tu, wifi, nywele huota, si meno hayo!"

"Kama huota, mbona umeniletea wembe?" Mize akasema, akaendelea na kidole chake.

Adhuhuri ilipopita alikuwa amemaliza matano. Mikono ilimfa ganzi, shingo ikawa ngumu. Likabaki la sita, la saba, na lile la nane la kisogoni, lililokuwa gumu kama kumbi lenyewe. Alipolifikia hilo, kivuli kilikuwa kimegusa ukuta wa jikoni. Mkono wake wa kulia ukatamani kuvuta. Mara moja tu, useme kraa, mambo yaishe. Mize akautia ule mkono ndani ya bakuli la utelezi, akauambia kwa sauti ndogo, "Tulia. Unataka kwenda kwetu au hutaki?"

Mkono ukatulia.

Hapo Bi Mwatime akainua uso kwa mara ya kwanza. "Subira, na wewe? Wewe ndiye wifi mkubwa, wewe ndiye utakayemtoa barazani ukiwa kichwa wazi. Umejichana?"

Subira akajishika kichwa. Kutwa nzima alikuwa akihesabu kivuli, na nywele zake hazijafumuliwa tangu wiki iliyopita. "Mimi kitambo kidogo tu," akasema, akampokonya Mize chanuo. "Chanuo langu hili."

Akaingia chumbani. Mize akabaki na fundo la mwisho na vidole kumi. Hakulalamika, fundo lilikuwa lake, na vidole vilikuwa vyake. Akatafuta ncha, akafumua, akapanda. Huku nyuma ya ukuta kikasikika: kraa! "Ai!" Kraa! "Aii, mama yangu!" Kisha hatua za haraka, za mtu anayekimbilia kioo.

Muadhini alipokohoa kusafisha koo, Mize alikuwa akisuka msuko wa tatu. Adhana ilipoanza, akaufunga nchani kwa uzi.

Wanawake walikuwa wamejaa barazani. Subira akatangulia na chetezo cha udi, kanga ameivuta mpaka kwenye nyusi. Nyuma yake Mize, kichwa wazi, misuko mitatu inang'aa mafuta ya nazi. Wanawake wakapiga vigelegele. Kisha bibi mmoja mgeni akasema, "We Subira, mwenye kutoa mjane hajifuniki. Unaficha nini huko, mayai?"

Subira akajidai hasikii. Upepo ukasikia. Kanga ikapeperuka, na juu ya paji la uso pakaonekana uwazi mtupu, mpana kama kisahani cha kahawa.

Ndipo sauti moja kutoka nyuma ikauliza, "Jamani, mjane ni yupi?"

Kicheko kilichozuka hapo kiliwarusha kuku wa nyumba tatu. Bi Mwatime hakucheka. Aliingia chumbani, akatoka na chanuo, akaliinua watu waone. Lilikuwa limejaa nywele, hata meno hayaonekani.

"Chanuo ni lilelile," akasema. "Huyu ameanzia nchani kutwa nzima, limemwachia misuko mitatu. Huyu amelivuta kutoka shinani kwa kitambo kidogo, likala mpaka likashiba. Chanuo la pupa hushiba nywele." Akamgeukia binti yake. "Na kwa desturi yetu, mwenye kichwa kitupu hukaa ndani mwaka mmoja akipika. Mchele nimeshauchagua, Subira. Upo jikoni."

Mize akavuka mto kabla ya magharibi, sanduku kwapani, akamkuta mama yake ameketi na usumba wake mlangoni. Yule mama, kwa kuwa haoni vizuri, alimpapasa kichwa. Akaushika msuko mmoja kwenye shina, akashuka nao polepole, kidole kwa kidole, mpaka kwenye uzi.

"Kamba hii," akasema, "nimeuona mwisho wake."

Ndiyo maana Kisimandugu, hata leo, mtu akilikamata jambo lililofungamana na kutaka kulivuta mara moja liishe, iwe ugomvi wa ndugu au posa ya mtoto, hawamwambii mengi. Humtazama juu ya paji la uso, kisha humwambia: chanuo la pupa hushiba nywele.