Ngiri Asiyepiga Goti

Paukwa!
Pakawa!
Aliyechelewa akae.
Akae, nafasi ipo.
Asiulizwe katoka wapi.
Hatumuulizi.

Zamani, zamani sana, ngiri walikuwa na nchi yao. Nanyi mnamjua ngiri, shingo yake fupi. Hawezi kula majani mafupi akiwa amesimama. Lazima apige magoti ya mbele ndipo mdomo ufike chini.

Ngiri wa nchi ile walisema kupiga goti ni kumshukuru Mungu aliyeotesha majani. Hapo hawakubishana. Walitofautiana juu ya goti la kutangulia tu. Wengine walitanguliza la kulia, wengine la kushoto. Hata hivyo walilisha pamoja, wakaoana, wakataniana. "Shemeji, goti lako limelewa," mmoja angesema, na mwenzake angecheka.

Kisha mvua ikakosekana. Majani yakaisha. Wa kulia wakasema, "Mungu amekasirishwa na goti la kushoto." Wa kushoto wakasema, "Amekasirishwa na la kulia." Utani ukakoma. Wakaanza kuviziana malishoni, kutazama nani anaanza na lipi, mwisho wakauana.

Kulikuwa na mtoto jina lake Mkiwa. Baba yake alikuwa wa kushoto, mama yake wa kulia. Baba aliuawa na wa kulia. Siku walipokuja wa kushoto, mama alimsukuma mwanawe kichakani, akamwimbia polepole:

Simama, mwanangu, simama,
goti usilionyeshe,
wanaotazama ni wengi.

Mama akabaki mlangoni pa shimo lao. Mkiwa alisikia kila kitu. Kisha pakawa kimya, naye akakimbia.

Alikimbia, akakimbia, akafika uwandani kwa swala. Majani yalikuwa tele, lakini mafupi. Mkiwa akasimama katikati yake, akichuma vijiti vikavu vilivyomfikia mdomoni.

"Binti, mbona unakula kama mkwe ugenini?" swala mmoja akamtania. "Inama ushibe."

Mkiwa akaona macho mengi yameelekea miguuni pake. Simama, mwanangu, simama. Akakimbia.

Alikimbia, akakimbia, akafika bwawani kwa kiboko. Akasimama ukingoni, njaa inamkata.

"Piga goti, mjukuu wangu," kiboko akasema. "Matope hayaumizi."

"Kwa nini unataka kuona goti langu?"

"Goti lako nitalifanyia nini? Sitaki ufe hapa. Utaninukia."

Huyu naye anachunguza, Mkiwa akawaza. Simama, mwanangu, simama. Akakimbia.

Alikimbia mpaka mbio zikawa mwendo, na mwendo ukawa kujikokota. Akafika ukingoni mwa msitu. Mbavu zilionekana. Kupe walimjaa masikioni, shingoni na tumboni. Hakuwa na nguvu ya kwenda pengine.

Majani yakachakarika. Likatokea kundi la nguchiro, wanasemezana wote kwa pamoja. Mbele yao alikuwa Bi Chiku, mlafi kuliko wote.

"Usikimbie, mwenzangu," akasema. "Hatujapata kifungua kinywa, na wewe umekibeba. Lala chini tukutoe kupe."

Mkiwa akauliza, "Nilale upande gani?"

Nguchiro wakatazamana.

"Upande wenye kupe," akasema Bi Chiku.

"Kupe wako pande zote mbili."

"Basi utageuka. Mbona unatuchelewesha?"

Mkiwa akangoja swali la goti. Halikuja. Lakini ili ngiri alale, lazima kwanza akunje magoti. Akabaki amesimama. Simama, mwanangu, simama. Wanaotazama ni wengi.

Akawatazama wanaotazama. Mmoja anatazama kupe wa shingo. Mwingine anatazama kupe wa tumbo. Kitoto kimoja kimekwisha kupanda, kinamvuta sikio. Hakuna aliyetazama goti.

Mkiwa akapiga goti. Lilitangulia lipi? Nguchiro hawajui. Hata yeye hakuangalia.

Akalala ubavu. Ardhi ilikuwa ya baridi, inanuka majani yaliyooza. Hua alikuwa akilia mbali, bila haraka. Mkiwa akafumba macho, akalala usingizi. Alipoamka, nguchiro walikuwa wamemzunguka wakibishana juu ya kupe wa mwisho, na majani mabichi yalikuwa yamemgusa midomo. Akayala hapo hapo, alivyolala.

Akakaa kwenye msitu ule. Akanenepa, akazaa. Mpaka leo ngiri akimwona nguchiro hujilaza mwenyewe. Lakini mpaka leo, akiingia shimoni mwake, huingia kinyumenyume, uso umeelekea mlangoni. Hilo msitu haukumwondolea.

Wenzangu, hadithi hii inatufundisha kwamba aliyekulia penye ugomvi wa imani hofu haimtoki kwa kuambiwa asiogope. Mtu akikujia kutoka huko, usimuulize alikuwa upande gani. Mpe mahali pa kulala, na umwache alale.

Hadithi yangu nayo imelala.
Tusiiamshe.